Mia Tatu Kando, Mia Nne Juu

Wenzangu wa karakana, mmenisumbua niandike, na sasa mtasoma. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu ulikuwaje. Hayo hayajawahi kuzuia paipu kuvuja. Nitawaambia kuhusu elbo. Najua wengine mtacheka: mtu anafanya kazi tangu usichana wake, anastaafu, halafu kitu kinachomfanya aamke akitabasamu ni kona ya chuma! Ndiyo, ndicho. Hata leo nikiona paipu iliyozunguka boriti vizuri na kurudi kwenye mstari wake, moyo unaniruka. Nimewahi kusimamisha ibada ya harusi kwa sababu ya paipu iliyokuwa nyuma ya madhabahu, lakini hiyo tuiache.

Kwa walioajiriwa juzi na hawanijui vizuri, mimi ni Jenifa Khasandi. Nilizaliwa karibu na Lubao, nikaingia hospitali yetu hapa Kakamega kama fundi wa mabomba, na mwezi uliopita nikarudisha funguo. Sikuwa na ndoto ya mabomba. Nilienda chuo cha ufundi kusomea ushonaji, nikakuta darasa limejaa mpaka wanafunzi wengine wanasikilizia dirishani. Darasa la mabomba lilikuwa na viti. Nikakaa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana na ovaroli mpya ya kijani iliyokuwa inanifunika viatu. Karakana wakati huo ilikuwa nyuma ya nyumba ya boila ya mvuke, na joto lake lilikuwa la kukausha nguo. Ndani nilimkuta mtu mmoja tu, mwembamba, kofia nyeupe kichwani, anapanga elbo kwenye rafu kwa kuzipapasa midomo. Huyo alikuwa Mzee Rajabu Makokha wa Matungu, fundi mkuu.

"Asalaam aleikum," akasema bila kugeuka.

"Bwana asifiwe," nikajibu, maana ndiyo salamu niliyokuwa naijua.

Akacheka. "Sawa. Zote zinafika. Wewe ndiye msichana wa chuo?"

"Ndiyo, Mzee."

Akachukua elbo ya digrii tisini, ile ya kuchomelewa, akaniwekea mkononi. Ilikuwa nzito na baridi. "Niambie, kona ya hii kitu iko wapi?"

Nikaweka kidole katikati ya mpindo. "Hapa."

"Hapana. Hapo ni chuma tu. Ilaze chini, uchore."

Akanipa chaki. Nikalaza elbo sakafuni, nikachora mstari kutoka katikati ya mdomo mmoja kwenda mbele moja kwa moja, kisha mwingine kutoka mdomo wa pili. Ile mistari miwili haikukutana ndani ya elbo. Ilikutana nje, nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo hakuna kitu, sakafu tupu.

"Umeona?" akasema Mzee Rajabu, na uso wake ulikuwa na furaha kama mtu anayefungua zawadi, ingawa nina hakika alikuwa ameonyesha kila kijana aliyepita pale. "Kona iko hewani! Vipimo vyote unavyopewa, ukuta hadi ukuta, boriti hadi boriti, vinaenda mpaka hapo hewani. Lakini msumeno haukati hewa. Kwa hivyo unapima mpaka hewani, halafu unarudi nyuma, unatoa kile elbo inachokula. Ukisahau kutoa, paipu yako itakuwa ndefu na utalaumu tepu."

Ilinichukua asubuhi nzima kuelewa nilichoonyeshwa, na nilipoelewa nilitaka kukimbia nje nimwambie mtu. Hapakuwa na wa kumwambia isipokuwa mwendesha boila, na yeye alikuwa amelala.

Tangu hapo tukawa watu wawili wa tepu moja. Mzee Rajabu alinifundisha kwamba elbo inayofungwa kwa meno na elbo inayochomelewa hazikatiwi hesabu sawa, kwa sababu kwenye meno paipu inaingia ndani ya elbo, na kile kinachoingia lazima ukirudishe kwenye kipimo. Alinifundisha kuacha nafasi nyembamba kama sarafu mahali pa kuchomelea. Alinifundisha timazi, ambayo kwetu ilikuwa boliti iliyofungwa kamba, na ilikuwa nyoofu kuliko ahadi za watu wengi niliowajua.

Halafu akanifundisha kukwepa. Paipu inakuja, mbele kuna boriti, lazima ipande kidogo kisha iendelee na safari yake ikiwa sambamba na ilivyokuwa. Unaweka elbo mbili za digrii arobaini na tano na kipande katikati kimelala mshazari. Kipande hicho kina urefu gani? Unachukua kimo unachopanda, unazidisha kwa moja nukta nne moja nne, unapata urefu kutoka kona hadi kona. Kisha unatoa kinacholiwa na elbo hizo mbili, na nafasi za kuchomelea. Kinachobaki ndicho unachokata. Mzee Rajabu alikuwa anafanya hesabu hiyo kichwani kabla mimi sijafungua kifuniko cha kalamu.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa anashika tepu hata siku moja. "Soma wewe, ujifunze," alikuwa akiniambia. Nikasoma. Nilijivuna sana. Nilidhani mimi ni mwanafunzi anayeaminiwa.

Asubuhi moja nilichelewa kidogo, nikafika mlangoni na viatu vya mpira visivyo na sauti. Mtu wa gesi alikuwa ameacha mtungi mrefu wa oksijeni umesimama pale mlangoni kwa ndani. Mzee Rajabu aligeuka, akauelekea ule mtungi, akasema kwa adabu, "Asalaam aleikum." Akangoja. Akakunja uso kidogo, kama mtu anayejiuliza amemkosea nani. "Asalaam aleikum," akarudia.

Nikaitikia mimi, kwa niaba ya mtungi. "Waaleikum salaam, Mzee."

Aliposikia sauti yangu inatoka mahali pengine, alielewa. Nami nikaelewa. Chai iliyokuwa inamwagwa kando ya kikombe, elbo zinazopapaswa midomo, tepu isiyoshikwa. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Jengo zima la hospitali alikuwa nalo kichwani, kila ngazi, kila valvu, maana yeye ndiye aliyezifunga tangu macho yake yalipokuwa mazima.

"Utasema?" akaniuliza.

"Nitamwambia nani, Mzee?"

"Baba yangu alitiwa dawa ya macho na mtu kule kijijini. Kabla ya dawa alikuwa anaona kama mimi sasa. Baada ya dawa hakuona tena hata jua." Akapapasa elbo iliyokuwa karibu. "Mimi haka kaukungu nilikonako kananitosha."

Kliniki ya macho ilikuwa ng'ambo ya bustani tu, mkabala na karakana yetu. Yeye ndiye aliyewafungia sinki la kunawia mikono. Alikuwa akipita hapo kila siku kwenda kuswali, na kila siku alipita haraka.

Sikumwambia mtu. Nikawa macho, yeye akawa hesabu, na niwaambie ukweli, tulikuwa tunafunga mabomba yanayopendeza. Watu wa idara nyingine walikuwa wanadhani ananifundisha kwa sauti kubwa. Sasa nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe mahali alipo.

Miaka kadhaa ikapita hivyo. Halafu ikaja kazi ya wodi ya akina mama.

Paipu kuu ya mvuke iliyokuwa inaenda kwenye chumba cha upasuaji cha wodi hiyo ilichoka kwa kutu, ikafungwa. Bila mvuke, otoklevu haifanyi kazi. Hiyo ni ile mashine inayosafisha vyombo vya upasuaji kwa mvuke mkali. Bila otoklevu, hakuna kisu kinachomgusa mtu. Kila mama aliyehitaji kufanyiwa upasuaji alikuwa anapakiwa kwenye ambulensi kwenda Kisumu, na barabara wakati ule wa mvua haikuwa ya kumpitisha mwanamke mwenye uchungu. Sista Perpetua, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alikuja karakana mwenyewe.

"Mzee Rajabu, nina akina mama watatu wodini ambao hawawezi kuzaa peke yao. Mmoja ana mapacha. Sitaki kuwaweka kwenye ile gari. Nipe mvuke."

"Inshallah leo, Sista."

"Ongeza bidii kwenye hiyo inshallah," akasema, akaondoka.

Tulikuwa na elbo mbili za digrii arobaini na tano za inchi tatu. Paipu nzito ya mvuke ilikuwa imebaki kipande kimoja, kirefu kidogo kuliko mkono wangu. Nyingine ilikuwa njiani kutoka Nairobi, na mnajua "njiani" ni neno refu. Upande wa boila ile paipu ya zamani ilikuwa na urefu wa ziada, huko tungeweza kupunguza tupendavyo. Lakini kipande cha mshazari, kile cha kupandisha paipu hadi shimo jipya la ukuta wa wodi, kilikuwa kimoja. Kikikatwa kifupi, kimekwisha.

Mimi nilikuwa nimepanda jukwaa pale wodini kusafisha midomo ya paipu. Mwashi alikuwa amemaliza kutoboa ukuta na kupitisha paipu mpya ya upande wa wodi, akaondoka zake. Mzee Rajabu, akiwa chini, akauliza tofauti ya kimo kati ya paipu hizo mbili. Nikapima wima, kwa milimita. "Mia nne, Mzee."

Hakukawia. "Mia nne, kona hadi kona mia tano sitini na sita. Kila elbo inakula hamsini na moja. Na nafasi ya kuchomelea tatu kila upande. Kata mia nne hamsini na nane!"

Wycliffe Shivachi, welda wetu, kijana wa maneno mengi na mkono mzuri, alikuwa ameshashika chaki. Akapima, akaweka alama, akainama kuwasha mashine ya kukatia.

Nami ndipo nikainua kichwa nikatazama zile paipu mbili kwa mara ya pili. Hazikuwa juu moja ya nyingine. Ile ya wodi ilikuwa imesogea pembeni. Mwashi hakutoboa mahali palipochorwa. Mzee Rajabu aliulizia kimo peke yake kwa sababu kichwani mwake lile shimo lilikuwa mahali pake.

"Shivachi, ngoja!"

"Nini tena, Jeni? Mzee amesema."

"Ngoja nimesema!"

Karakana nzima ilikuwa pale, na wauguzi wawili, na Sista Perpetua mwenyewe amekunja mikono mlangoni. Kusema "Mzee, shimo limehama, huoni?" ilikuwa ni kumvua nguo mbele za watu. Kunyamaza ilikuwa ni kuharibu kipande cha mwisho cha paipu na kuwapeleka wale akina mama barabarani. Nikashuka, nikamkaribia, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia, "Mzee, kuna kitu huku juu nataka ukishike, mimi mwenyewe sikielewi."

Akainamisha kichwa upande wangu. Alikuwa ananijua. "Twende."

Ngazi za jukwaa alizipanda bila wasiwasi, miguu yake ilikuwa inazijua. Juu nilichukua mkono wake nikauweka kwenye mdomo wa paipu ya boila. Kisha nikaning'iniza timazi kutoka darini ipite kwenye mdomo huo, nikampa kamba. Akaifuata kwa vidole kwenda juu, polepole, akitafuta paipu ya wodi mahali ilipopaswa kuwa. Vidole vikashika hewa. Akapapasa zaidi. Hewa. Nikausukuma mkono wake pembeni, kando, kando zaidi, mpaka akagusa chuma.

Akarudisha vidole kwenye kamba, kisha kwenye chuma tena.

"Nani amehamisha shimo?" akanong'ona.

"Mwashi. Nadhani alikuta nondo akakwepa."

"Na mimi hakuniambia."

"Hakuniambia hata mimi, Mzee."

"Kando ni ngapi?"

Nikapima. "Mia tatu."

Nilitarajia hasira. Badala yake uso wake ukaanza kufunguka, taratibu, mpaka akawa anacheka bila sauti. "Mia tatu kando, mia nne juu! Jeni! Hiyo inapanda na inajiviringa. Nilifunga ya namna hiyo mara moja tu, nikiwa kijana kwenye kiwanda cha sukari. Shuka. Shuka haraka, uchukue chaki!"

Tulishuka. Akawaambia watu wote wasogee, akasimama katikati ya sakafu kama mwalimu. "Fikirieni sanduku," akasema. "Paipu inaingia kona moja ya upande wa chini, inatoka kona nyingine ya upande wa juu. Haipandi tu, haiendi kando tu. Inafanya yote mawili kwa pamoja. Jenifa, chora mstari wa mia tatu. Mwisho wake simamisha mia nne, pembe iwe mraba kamili. Sasa unganisha miisho. Pima huo mshazari."

Nikapiga magoti, nikapima. Nilirudia mara mbili kwa sababu sikuamini.

"Mia tano, Mzee! Mia tano kamili!"

"Haya! Hicho ndicho kimo chetu cha kweli. Sahau mia nne, sahau mia tatu. Sisi tunakwepa mia tano. Endelea wewe."

Akaniachia. Nikachora pembetatu ya pili, mia tano kwa mia tano, nikapima mshazari wake: mia saba na saba. Nikatoa mia moja na mbili za elbo mbili. Mia sita na tano. Nikatoa sita za kuchomelea.

"Mia tano tisini na tisa," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Shivachi," akaita Mzee Rajabu, "umesikia fundi?"

Fundi! Hakuwahi kuniita hivyo.

Shivachi akafuta alama yake ya kwanza kwa kidole gumba, akaweka mpya. Tofauti ya alama hizo ilikuwa kama urefu wa kalamu. Akaitazama, akanitazama, akapiga mluzi. "Yaani tungekata pale, saa hii tungekuwa tunaimba nyimbo za mazishi."

Sasa hapa kuna uzuri ambao nataka muuelewe, maana vijana wengi huogopa kazi hii bure. Kile kitu kinaonekana cha ajabu kikiwa juu, lakini chini sakafuni ni cha kawaida kabisa. Tulilaza kipande na elbo zake mbili, moja inatazama huku, nyingine kule, vyote vimelala bapa. Shivachi akavishikiza kwa nukta za moto. Hakuna kilichopindishwa. Ni huko juu ndipo unapokizungusha chote kwa pamoja, kama mtu anayejigeuza kitandani, mpaka mdomo unakutana na mdomo.

Tukakipandisha watatu. Mimi mbele, Shivachi nyuma, Mzee Rajabu katikati akikishika kwa mikono miwili. Tukaegemeza upande wa boila. Upande wa wodi ulikuwa bado unatazama ukuta. "Zungusha," akasema Mzee. "Polepole. Zungusha." Nikaona mdomo unapanda, unapanda, unakuja pembeni, halafu ukakaa. Ulikaa tu! Nafasi iliyobaki kuzunguka ilikuwa nyembamba kama sarafu, sawasawa pande zote, kama imechorwa kwa kalamu.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kuwaambia. Niliruka juu ya jukwaa mpaka mbao zikalia na Shivachi akaniomba nisimuue kabla hajaoa. Mzee Rajabu alipitisha kidole kwenye ile nafasi, duara zima, akarudia tena, akasema, "Alhamdulillahi. Choma."

Shivachi alichoma vizuri kuliko siku zote nilizomwona. Tukaijaza maji kwanza, tukayasukuma kwa pampu ya mkono, maana mvuke haukupi nafasi ya kujuta. Hakuna tone. Tukatoa maji, mwendesha boila akafungua valvu kidogo kidogo. Paipu ikaanza kulia tik, tik, ikipata joto. Nilitembea chini yake nikiufuata ule mlio kutoka boila hadi ukutani, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Kisha mshale wa otoklevu ukainuka. Sista Perpetua aliutazama mpaka ukafika mahali pake, akasema "Asante," akaenda kuwaita madaktari. Jioni hiyo hiyo mapacha walizaliwa pale pale, wasichana wawili, na mama yao alikuwa anaomba obusuma, ugali wetu, kabla hajaruhusiwa kula.

Lakini mimi sikuwa na habari bado. Nilikuwa nakusanya vifaa. Mzee Rajabu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, kofia mkononi. Wengine walikuwa wameenda kunywa chai.

"Jeni," akasema, "nipeleke."

"Wapi, Mzee?"

"Kwa wale niliowafungia sinki."

Nilihofia atabadili mawazo. Nilimpa mkono. Tulivuka bustani, na mara hii hakwenda haraka. Mlangoni alisimama, akavuta pumzi. "Leo ningekata ile paipu," akasema. "Ningeikata kwa kujiamini kabisa." Halafu akaingia.

Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ni ugonjwa unaoondolewa. Alimuuliza amekaa hivyo muda gani. "Muda wa kutosha," Mzee akajibu. Walimfanyia jicho moja kwanza. Mkewe, Bi Salima, alikuja kutoka Matungu na sufuria ya ingokho, kuku wa kienyeji, iliyofungwa kwa leso, na asubuhi ya kufunguliwa bandeji tulikuwa sote wawili kando ya kitanda.

Alimtazama mkewe kwanza. Alimtazama na kumtazama, mpaka Bi Salima akafunika uso kwa mtandio akisema, "Rajabu, watu wapo!" Kisha akageukia upande wangu, akakunja jicho.

"Na huyu mfupi ni nani?"

"Ni mimi, Mzee. Jenifa."

"Wewe!" Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Haiwezekani. Sauti yako ni ya mtu mrefu."

Bi Salima alicheka mpaka akakaa. Nami nikacheka, na nilikuwa nalia pia. Hakukubali kupumzika. Muuguzi alipomruhusu kusimama, alidai apelekwe wodi ya akina mama. Alisimama chini ya ile paipu na jicho lake moja, shingo ameipinda, akaifuata ilipotoka, ikapanda, ikajiviringa, ikaingia ukutani. Alikaa hapo muda mrefu watu wakimpita kushoto na kulia.

"Shivachi amepaka rangi vibaya pale kwenye kiungo," akasema hatimaye. Akatoa kitambaa akapangusa jicho. "Hii dawa ya daktari inachuruzika sana."

Baada ya jicho la pili kupona, maisha yangu yalikuwa magumu. Alizunguka hospitali nzima akikagua kila kitu nilichokuwa nimesoma kwenye tepu miaka yote ile, na alikuwa na maoni. Tulibishana kila siku hadi alipostaafu, na hiyo ilikuwa miaka mitamu kuliko yote. Ametangulia mbele ya haki sasa. Nilienda kumzika Matungu, na wanawe waliniweka pamoja na familia.

Mimi niliendelea. Boila ikazeeka, ikaja mitambo ya umeme, zikaja paipu za shaba za oksijeni, ndogo na nyororo, halafu plastiki zinazounganishwa kwa joto. Kila kitu kipya kilinitia wazimu wa furaha kwa wiki kadhaa. Simu zenu zina kikokotoo, mnabonyeza tu alama ya kipeuo cha pili na jibu linakuja, na mimi nasema vizuri, bonyezeni. Ila kwanza pandeni ngazi mkatazame kama shimo bado liko mahali pake. Na elbo ya kampuni moja huenda isile kiasi sawa na ya nyingine. Ipimeni kila mara. Wakati wa kupima mtu asiwaongeleshe, hata kama ni mkubwa.

Siku yangu ya shukrani nyumbani Amalemba mnaijua, maana mlikuwepo, mlikuja na lile tanki la maji mlilonichangia, Mungu awabariki. Lakini mliiona kutoka kwenye viti. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nimefungwa kilemba, mume wangu Zakayo ameniambia asubuhi, "Jenifa, leo kazi yako ni kukaa." Nikakaa. Nikasikiliza kwaya. Nikasikiliza hotuba ya kwanza. Nyuma ya hema nilikuwa namsikia Nafula, fundi aliyekuja kufunga lile tanki, akiongea peke yake. Paipu yake ilitakiwa ipite ukingo wa paa ipande, na tanki lilikuwa limewekwa pembeni kidogo kwa ajili ya mwembe wa jirani.

Hotuba ya pili ikaanza. Nikasema naenda kuangalia chai.

"Mama, inakataa," Nafula akaniambia nilipomfikia. "Nikipandisha inafika, lakini iko upande."

"Ni ngapi juu? Na ngapi kando? Elbo zako zinakula kiasi gani?"

"Zinakula?"

Mikono ikaanza kuniwasha. "Nipe hiyo chaki. Na hiyo ngazi ishike vizuri."

Ndani ya hema mchungaji alikuwa amefika kwenye maombi ya kumwekea mikono mstaafu. Nilimsikia akiniita jina, kisha viti vikikwaruza watu wakigeuka kutafuta. Akauliza kwenye kipaza sauti, "Jamani, mstaafu wetu yuko wapi?"

Zakayo hakujisumbua hata kusimama. Alinyoosha kidole, akaelekeza juu ya paa.